Kuzunguka Qatar Kutafuta Ndege wa Rajabu

Tangu nirudi Tanga sijapata kunywa kikombe kimoja cha kahawa kwa amani. Nikikaa tu barazani, kuna mtu ataniambia, "Sele, hebu tupe ile ya ndege." Nikianza, mmoja anakatiza, mwingine anabisha kwamba jangwani hakuna ndege, na kahawa inapoa. Kwa hiyo nimeamua kuiandika, muisome wenyewe tuachane. Habari za viza, mikataba na vipimo vya afya siziandiki. Wengine mlishazipitia, na wasiozipitia zitawalaza usingizi.

Chumbani, Industrial Area

Wale msiomjua Rajabu, ni Mrangi wa Kondoa, fundi plasta, mfupi, mbishi kupita kiasi. Tulikaa kambi moja ya wafanyakazi, Industrial Area, pembeni ya Doha, tukalala kitanda cha kupandana, yeye juu mimi chini, na katika miaka yote ile sikumbuki siku aliyokubali kwamba nimesema jambo la kweli. Tulibishana mpira, tukabishana muhogo, tukabishana hata kama bahari ya Tanga ina chumvi kuliko ya Doha, na yeye bahari aliiona mara ya kwanza siku anapanda ndege kuja Uarabuni. Mimi nilimwita mla dagaa wa angani, kwa sababu kwao wanakula ndege wadogo, mtu anatafuna na mifupa. Yeye alisema watu wa Tanga tumekula nazi mpaka akili zimelainika.

Basi akaanguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi, akavunjika paja. Walimpasua hospitalini Al Wakrah, kusini mwa Doha, wakamtia vyuma, na upasuaji ukaenda vizuri. Lakini kidonda hakikufunga. Daktari wake, mama mmoja wa Kimisri, alinivuta pembeni akaniambia kwa Kiarabu cha polepole ili nielewe: "Dawa zote amepata. Iliyobaki ni chakula, na hali. Mwili hauna kitu cha kufungia kidonda. Akiendelea hivi itabidi tuuingie tena huo mguu, na safari hiyo siahidi kwamba nitauacha."

Na kweli hakuwa anakula. Sahani zilikuja zikarudi. Kilichonitisha zaidi ni kwamba alikuwa ameacha kubisha. Nilimwambia kwa makusudi kwamba Kondoa hakuna mvua kwa sababu ya midomo yao, akasema, "Sawa, Sele." 

Kitu kimoja tu alikisema kwa hamu. "Ningepata ndege, labda ningekula." Alimaanisha kwelea, wale wanaovamia mashamba ya uwele huko kwao. Wanatega kwa vikapu, wananyonyoa, wanakaanga kwa chumvi na mafuta ya ndege mwenyewe mpaka wanalia kama bisi, wanakula na ugali wa uwele. Mama yake alikuwa akiuza sokoni.

Chumba cha pili alikaa Ochieng, Mkenya wa Siaya, dereva wa tanka la maji. Alipopata habari alicheka.

"Huyo anataka aluru tu, msee. Kware! Si wako hapo supermarket, wamejaa kwa friza?"

Tukanunua kware wa friza, tukawapika kwa bizari zote zilizokuwepo kambini. Rajabu alifunua bakuli, akamtazama yule kware aliyelala chali, akasema taratibu, "Huyu ni kuku aliyekufa mtoto." Akafunika. Hapo ndipo nilipoamua kwamba Ijumaa inayokuja, siku yetu ya mapumziko, sitafua nguo wala sitalala. Nitatafuta ndege.

Sokoni, kwenye vizimba

Nilianzia soko la ndege, kule mjini kwenye masoko ya zamani. Nilifika asubuhi na basi, wauzaji ndio kwanza wanatandua mashuka kwenye vizimba. Nawaambieni, sijasikia kelele tamu kama ile. Kulikuwa na ndege wa manjano, wa kijani, wenye vishungi, wote wanaimba kwa pamoja.

Muuzaji mmoja wa Kibangladeshi, mpole, ana ndevu za hina, alinikaribisha kwa Kiarabu kile cha wafanyakazi ambacho hakina sarufi lakini kinafika.

"Unataka ngapi, ndugu yangu?"

"Kama thelathini hivi. Wadogo wadogo."

Macho yakamtoka kwa furaha. "Mashaallah! Nyumba kubwa? Watoto wengi?"

"Hapana. Ni mgonjwa hospitalini."

"Aaa, mgonjwa!" Akashika kifua. "Vizuri sana. Ndege akiimba, mgonjwa anapata raha. Huyu anaimba asubuhi. Huyu anaimba jioni."

Ningeweza kunyamaza. Lakini mimi ni mtu wa kueleza, mnanijua, nikaona haifai kumdanganya. Nikamwonyesha kwa mkono kikaango, nikamwonyesha kugeuza, nikamwonyesha kutafuna. Alinitazama. Kisha akachukua shuka lake, akavifunika vizimba vyote kimoja baada ya kingine, pole pole, na aliyebaki nje akamgeuzia upande mwingine asinione.

"Nenda, ndugu yangu," akasema. "Mungu akusamehe."

Nyuma yangu mtu akaangua kicheko. Alikuwa Mqatari wa makamo, kanzu yake nyeupe pe, ameshika mfuko wa chakula cha ndege. Akaniuliza nimetoka wapi, mgonjwa ni nani, na kwa nini ndege. Nikamjibu kwa Kiarabu changu cha madrasa, maana ndicho nilichonacho. Alicheka zaidi. Baadaye aliniambia nilikuwa nasema kama khatibu juu ya mimbari: "Hakika sahibu yangu yumo katika dhiki iliyo kubwa."

Jina lake Nasser. Akasema, "Unajua baba yangu anakula ndege hao? Yaani alikuwa anakula, zamani. Wazee wote walikula, ndege wadogo wanaopita hapa kila mwaka wakienda zao. Sasa serikali imekataza, na hata hamu watu hawana. Lakini yeye bado anatega, halafu anawaachia. Tunamcheka sana nyumbani. Nenda kwake. Atafurahi mpaka alie." Akanieleza shamba lilipo, kaskazini kabisa, karibu na mwisho wa nchi, akampigia simu palepale baba yake, Bu Nasser kama wanavyomwita kwa jina la mwanawe.

Kwenye tanka la Ochieng

Nchi ya Qatar mtu akiitazama kwenye ramani anaona kama kidole. Ipitie kwa tanka la maji siku ya Ijumaa, utajua kidole kina urefu gani.

Ochieng alikuwa na zamu ya kupeleka maji mashamba ya kaskazini. Alinichukua baada ya swala kwenye mzunguko mmoja nje ya mji, mimi nimeshikilia vitumbua vilivyopoa, yeye ameshikilia usukani kwa kiwiko. Oktoba ilikuwa imeanza kupunguza makali ya joto, lakini kipoza hewa cha lile tanka kilikuwa kikipuliza pumzi ya tanuri.

"Kwa hivyo wewe," Ochieng akasema, "umeenda kwa mtu anauza pets ukamwambia unataka kuzifry?"

"Nilimwambia ukweli."

"Ukweli wako utakuua siku moja, Mtanzania. Ungesema ni za kuimba, tungezimalizia kwa room."

Tulisimama kila mahali. Kwanza chai ya karaki na chapati ya yai. Kisha tairi moja likatia shaka, Ochieng akalizunguka akilipiga teke na kuliongelesha Kijaluo. Kisha askari wa barabarani alitusimamisha, akataka kujua kwa nini dereva wa maji ana abiria. Ochieng akasema mimi ndiye fundi wa pampu. Nikaulizwa pampu ina tatizo gani. Nikasema, kwa Kiarabu cha mimbarini, kwamba imepungukiwa na subira. Askari akacheka, akatupungia tupite.

Njiani Ochieng akaniuliza kama ni kweli wanaweza kumkata Rajabu mguu. Nikamwambia ndivyo daktari alivyosema. Akapiga usukani kwa kiganja. "Fundi plasta bila mguu. Wee." Akakanyaga mafuta mpaka akanishusha kwenye kona ya barabara ya vumbi, akanionyesha kwa kidevu upande wa mashamba, akaondoka kwa sababu maji ya watu yalikuwa yanamsubiri.

Shamba lisilo lake

Nasser alisema geti la tatu baada ya msikiti mdogo. Mimi nilihesabu na geti lililovunjika, na hilo kumbe halihesabiwi. Nikaingia kwenye shamba la ngamia.

Msudani mmoja mrefu alitoka bandani, akanitazama juu mpaka chini, akasema, "Hatimaye umekuja!" Akanikumbatia. Akanipa maziwa ya ngamia kwenye bakuli, na asida, ule ugali wao, yenye mchuzi wa bamia ya kukaushwa, nikala nikiwa na njaa ya kweli. Nikajisemea, huyu mzee Bu Nasser ni mkarimu kweli, hata mtumishi wake ameningoja na chakula. Nilipomaliza kunawa akanikabidhi koleo.

Sasa hapa msinicheke. Sisi tumelelewa kwamba mgeni akiingia shambani kwa watu hakai anatazama tu, na Msudani naye kanikabidhi koleo kwa tabasamu, kwa hiyo nikaona ni ada yao, mgeni aonyeshe adabu kidogo ndipo apelekwe kwa mwenyeji. Nikazoa kinyesi cha ngamia. Nikazoa kwa bidii, niseme kweli, nikitaka mzee aliko asikie sifa zangu. Banda la kwanza likaisha, akanionyesha la pili.

Ndipo nilipomuuliza, "Mzee wa ndege atatoka saa ngapi?"

"Ndege gani? Wewe si kijana mpya wa ngamia aliyetoka Doha?"

Tulitazamana. Kisha tukacheka mpaka akakaa chini. Aliniosha miguu kwa bomba la maji, akanisindikiza mpaka kwenye geti lililofuata, na mkononi akanitilia tende. Kijana wao mpya sijui kama aliwahi kufika, lakini mabanda aliyakuta safi.

Nyuma ya ukuta wa Bu Nasser

Bu Nasser nilimkuta amelala kifudifudi.

Nilidhani ameanguka, nikakimbia. Akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka, akanionyesha nilale chini. Nikalala. Mbele yetu kulikuwa na ukuta mfupi wa mawe, na mbele ya ukuta, kwenye mchanga, kitu kama upinde mdogo wenye wavu uliofunikwa vumbi. Katikati mdudu mmoja alikuwa akijinyonganyonga. Mzee alikuwa na miaka mingi, ndevu nyeupe, miwani imefungwa kwa kamba, na alikuwa akihema kwa msisimko.

Kwenye jiwe akatua ndege. Mdogo, mgongo wa rangi ya mchanga, kifua cha rangi ya biskuti. Akainama, akainuka. Akaruka kidogo, na aliporuka nikaona makalio yake ni meupe kabisa, kama amekalia unga. Akamrukia mdudu. Wavu ukapinduka.

Mzee alisimama haraka kuliko mimi. Alimtoa yule ndege kwenye wavu kwa vidole viwili, hata unyoya haukupinda, akaninyooshea nimtazame. "Huyu!" akasema. "Huyu ndiye sultani wao. Ametoka kwenye baridi huko, amenenepa, anakwenda kwenu Afrika. Mama yangu alikuwa anampika juu ya wali. Mafuta yake yanashuka kwenye wali, nyumba nzima inanukia. Kabla ya mafuta yale mengine kutoka ardhini, sisi mafuta yetu yalikuwa haya."

Akanikalisha, akanipa kahawa, na kila jambo nililoanza kusema alilimaliza yeye. Tangu mkewe afariki hakuna aliyekuwa akimuuliza habari za ndege. Wajukuu walisikia neno "kula" wakakimbia. Na leo mwanawe anampigia simu, anamwambia kuna Mwafrika ametoka Industrial Area anatafuta ndege wa kula! Alikuwa amemwambia mpishi abandike sufuria ya wali na nyama ya mbuzi, wali ule wenyewe wa kubeba ndege.

Nikamweleza kuhusu mguu. Nilipofika pale daktari aliposema hataahidi, Kiarabu kiliniishia, nikaonyesha kwa mkono tu, hapa, juu ya goti.  Mzee akamtazama ndege mkononi.

"Serikali imekataza, na ina haki," akasema. "Wamebaki wachache. Lakini mgonjwa ana udhuru. Mmoja, kwa mgonjwa, nitakwenda kumjibia mbele ya Mungu mimi mwenyewe."

Nilitaka kusema mmoja hatoshi. Nikakumbuka kware, nikakumbuka sahani zilizorudi, nikaona kwamba mmoja akiliwa ni zaidi ya thelathini wasioliwa. Nikasema ahsante.

"Tutamwonyesha kwanza akiwa hai," mzee akasema. "Mgonjwa lazima aone, hamu ianze machoni. Kisha namchinja, nampika palepale nje ya hospitali. Nina jiko la gesi garini."

Kushuka Al Wakrah

Nasser alikuwa amefika shambani kutoka mjini, na ndiye aliyeendesha. Mzee mbele, kikapu mapajani, sufuria ya wali nyuma pamoja nami, imefungwa kwa blanketi ipate kuhifadhi moto. Kutoka ncha ya kaskazini kwenda Al Wakrah ni kuikata nchi yote kuanzia juu mpaka chini, na saa za kutazama wagonjwa zina mwisho wake.

Mzee hakuwa na haraka hata kidogo. Tulisimama kuswali alasiri. Tukasimama tena kumpa ndege maji kwa kifuniko cha chupa. Tulipoukaribia mji magari yakajaa, familia zote za Doha zilikuwa zimetoka matembezini, na sisi tukawa tunasogea mwendo wa kobe. Mtaa wa Al Thumama ndipo tulipoganda kabisa. Ndege za abiria zilikuwa zikishuka juu ya vichwa vyetu kuelekea uwanjani, na kikapuni ndege wetu akawa anatoa sauti ya mawe mawili madogo yanayogongwa, chak, chak.

Mimi roho ilikuwa mkononi. Nilikuwa nikiwaza kidonda, nikiwaza nitamwambia nini mama yake Kondoa. Mzee akageuka, akaniuliza huko kwa mgonjwa wanatega vipi. Nikamwambia kwa vikapu. "Vikapu!" akasema, kwa dharau ya fundi. Akaniuliza mengine, nikamwambia mimi ni mtu wa Tanga, ndege kwangu ni ndege, wote wana mabawa. Alinionea huruma.

Mlangoni mwa hospitali mlinzi alikuwa Mganda, na muda ulikuwa umebaki kidogo sana. Mzee alikifunika kikapu kwa kilemba chake, akapita kichwa wazi kama anayekwenda kumwona mwanawe. Chak, chak, kikasema kikapu. Mzee akakohoa. Chak, chak. Nasser naye akakohoa, na mimi nikakohoa. Mlinzi alitutazama sote watatu kwa masikitiko, akatuelekeza wodi ya kifua.

Wodini

Rajabu alikuwa ameelekea ukutani. Nilimgusa bega, nikasikia mfupa.

"Rajabu. Nimekuletea ndege."

Akageuka taratibu. Mzee akakiweka kikapu kitandani, akafunua ukingo wa kilemba. Ndege akatoa kichwa, akainama, akainuka. Nilikuwa natazama uso wa Rajabu na wala si ndege, nikisubiri hamu ianze machoni.

Rajabu akatazama kwa muda mrefu. Akasema, "Mgeuze."

Mzee akamgeuza. Weupe ule ukaonekana.

"Sele," Rajabu akasema, "wewe ni mpumbavu."

Ilikuwa mara ya kwanza kunitukana tangu aanguke.

"Huyu haliwi! Huyu ni kitako-cheupe. Huyu ni wa kwetu. Anakuja na mvua za kwanza, anakaa juu ya matuta, ukilima anakufuata nyuma anaokota wadudu. Bibi yangu alitukataza hata kumrushia jiwe. Umetembea nchi nzima ukaniletea mgeni wa bibi yangu?"

Nilitaka ardhi inimeze. Siku nzima, tanka, kinyesi cha ngamia, halafu nimekamata ndege mmoja Qatar yote na ndiye asiyeliwa. Sikuwahi kujua kwamba kuna ndege na ndege. Mzee alikuwa akinivuta mkono: anasema nini, anasema nini? Nikatafsiri.

"Haliwi?" Bu Nasser akasimama wima. "Mwambie yeye hajui kitu! Mwambie huyu ndiye mtamu kuliko wote walioumbwa!"

Nikamwambia.

"Mwambie hajala kwelea," Rajabu akasema.

Nikamwambia. Mzee akauliza kwelea ni nini. Rajabu akaeleza, nami nikatafsiri, na jinsi alivyokuwa akieleza ndivyo alivyokuwa akijikongoja kwenye mito mpaka akakaa. Mzee alikataa. Ndege anayekula nafaka nyama yake kavu, akasema. Rajabu akasema kavu ndiyo utamu wenyewe, analia mdomoni. Mzee akasema kutafuna mifupa ni kazi ya paka. Rajabu akasema kumweka ndege juu ya wali ni kumdhalilisha ndege na wali pia.

"Muulize," Rajabu akasema, "kwa nini wanamla mtu anayepita njia? Kwelea sisi tunamla kwa sababu yeye ametula kwanza. Anamaliza uwele wetu. Huyu hajawahi kugusa punje ya mtu."

Hilo nililitafsiri kwa uangalifu.  Mzee akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Mwambie sisi hatukuwa na uwele," akasema. "Tulikuwa na mchanga na bahari, na baba zetu wako baharini, na mama hana cha kutupa. Hawa walikuwa wanashuka wenyewe. Mama alisema ni riziki. Hatukumwuliza anakwenda kwa nani."

Rajabu alimtazama mzee.  Kisha akasema, "Huo wali wa mama yake ulikuwaje?"

Mzee hakungoja tafsiri iishe. Akaeleza ndimu kavu, akaeleza vitunguu vinavyokaangwa mpaka vyeusi, akaeleza jinsi wali unavyofunikwa. Mikono yake ilikuwa inapika hewani. Nasser, aliyekuwa mlangoni akimzuia muuguzi kwa maneno matamu, akaenda garini, akarudi na sahani iliyojaa wali na kipande cha nyama ya mbuzi chenye mfupa.

"Nipe nionje," Rajabu akasema, "nimwonyeshe alipokosea. Siwezi kubishana na mtu tumbo tupu."

Akala. Kijiko cha kwanza alikula kwa uso wa hakimu. Cha pili akasema ndimu imezidi. Cha tatu akakijaza mpaka juu. Muuguzi alikuwa ameshaingia, amefungua mdomo kutufukuza, akaona sahani, akaufunga. Yeye ndiye aliyekuwa akizirudisha zile nyingine zote. Mguu ule hivi leo Rajabu anapigia pikipiki teke huko Kondoa, lakini jioni ile hatukujua lolote. Nilikuwa nikitazama kijiko tu, na machozi yalikuwa yananitoka mbele za watu bila aibu.

Ndege tulimtoa nje, mimi na mzee, kwenye uwanja wa magari. Mzee alimweka kiganjani, akamtazama mara ya mwisho kwa hamu ambayo hakuificha, akasema neno la Kiarabu la kuagana na msafiri, akafungua vidole. Ndege akaruka chini chini juu ya magari, ule weupe ukaonekana, akaelekea kusini.

Tuliporudi wodini saa za kutazama wagonjwa zilikuwa zimepita na mlinzi ameacha kutuuliza. Rajabu alikuwa na sahani mapajani. Haikuwa na hata punje, na mfupa wa mbuzi ulikuwa umetafunwa mpaka nusu.

"Amefika wapi?" akaniuliza.

"Ameondoka. Anakwenda kwenu."

"Atafika kabla ya mvua," akasema. Akamgeukia Bu Nasser, akainua sahani. "Mzee wangu, bado sijakubali. Kuna nyingine?"

Nilifungua mdomo nitafsiri, lakini mzee alikuwa ameshaichukua sahani mkononi mwake, yuko njiani kwenda garini kwenye sufuria.